Tiba ya nafsi ipimwe lini?

Sigmund Freud na Josef Breuer walipochapisha kitabu chao kuhusu histeria mwaka 1895, lengo la tiba lilikuwa wazi: kumbukumbu iliyofukiwa ifukuliwe, isemwe, dalili itoweke. Freud hakuahidi furaha. Kwake ilitosha mgonjwa aondokane na mateso ya maradhi, abaki na huzuni za kawaida za binadamu.

Lakini dalili ziliporejea kwa sura nyingine, lengo nalo likasogea. Freud akataka mtu aweze kuyatawala yanayomsukuma bila mwenyewe kujua. Baada yake Donald Winnicott, daktari wa watoto wa London, alitazama kama mgonjwa anaweza kucheza na kujiona yu hai kweli. Heinz Kohut, kule Chicago, akashughulikia nafsi zilizokosa kuthaminiwa utotoni. Kadiri lengo lilivyopanuka, ndivyo tiba ilivyorefuka. Mwaka 1937 Freud mwenyewe aliandika akihoji kama kazi hii huwa na mwisho.

Nani basi agharimie safari ya namna hiyo? Ujerumani ilijibu mwaka 1967, bima ya afya ya umma ilipoanza kulipia tiba hii, iitwayo uchanganuzi nafsi. Leo mgonjwa anaweza kuruhusiwa hadi vikao 300. Wanaopinga wanasema fedha za wote zilipie kuondoa dalili tu, mengine mtu ajilipie. Hoja hiyo ina uzito, maana foleni za wagonjwa ni ndefu.

Hata hivyo, naona inapima mapema mno. Utafiti wa kliniki ya Tavistock, London, uliochapishwa mwaka 2015, ulifuatilia watu 129 wenye sonona sugu. Baadhi walipata tiba hii mara moja kwa wiki kwa miezi 18, pamoja na huduma za kawaida. Wengine walipata huduma za kawaida pekee. Siku tiba ilipoisha, tofauti ilikuwa ndogo. Miaka miwili baadaye, asilimia 44 ya waliotibiwa hawakutimiza tena vigezo vya sonona kali, dhidi ya asilimia 10 ya wenzao. Waliopona kabisa walikuwa wachache, na hilo lazima waambiwe wagonjwa kabla hawajaanza.

Mtu aliyeteseka miaka mingi hujifunza kuishi upya polepole, mara nyingi akiwa ameshaagana na mtabibu wake. Bima ilipe, ila isidai hesabu siku ya kikao cha mwisho. Imwite mgonjwa baada ya miaka miwili, imuulize analalaje, anafanyaje kazi, na anaishije na wa nyumbani kwake.