Miaka 13 kwa Sahani Moja

Tarehe 30 Agosti 2019 bendi ya Tool, ya mjini Los Angeles nchini Marekani, ilitoa albamu yake ya tano iitwayo Fear Inoculum. Ya nne ilikuwa imetoka mwaka 2006. Baina ya hizo mbili ilipita miaka 13, muda unaomtosha mtoto kuzaliwa, kunyonya, kutiwa chuoni, kuhitimu na kubaleghe. Muda wote huo washabiki wa bendi hiyo walikaa wakingoja, wakiulizana, na baadhi yao wakimtukana hata mwimbaji wao wenyewe. Albamu ilipotoka hawakunyamaza. Bali hapo ndipo mabishano yalipopamba moto.

Si desturi ya safu hii kuzungumzia muziki wa roki, wala hatudai kwamba muziki huo una wapenzi wengi katika visiwa vyetu. Tunalileta suala hili mbele ya wasomaji, na mbele ya waheshimiwa wanaoshughulikia utamaduni, kwa kuwa ndani yake limo jambo linalotuhusu. Nalo ni haki ya kikundi kikongwe kutunga kitu kipya, kwa urefu kinachoutaka chenyewe, na wajibu wa msikilizaji mbele ya kitu kipya hicho.

Muziki wa Tool ni wa tawi lile la roki nzito liitwalo metali, na ndani ya tawi hilo ni wa fungu la watu wasiopenda wimbo mfupi wala pigo la aina moja. Mpiga ngoma wao, Danny Carey, anaweza kuubadili mwendo wa wimbo mara kadhaa kabla mwimbaji, Maynard James Keenan, hajafungua kinywa. Washabiki wa muziki wa namna hii ni watu wa kuhesabu. Katika wimbo uliobeba jina la albamu yao ya mwaka 2001, Lateralus, walizihesabu silabi za maneno wakakuta zinafuata mfuatano wa Fibonacci: moja, moja, mbili, tatu, tano, nane. Mtu anayehesabu silabi za wimbo si msikilizaji wa kupita njia, na ukimngojesha miaka 13 atakuwa na mengi ya kusema.

Kuhusu kuchelewa huko, lawama nyingi zilimwangukia Keenan, kwa sababu alionekana akiimba katika bendi nyingine na kulima mizabibu huko Arizona. Sisi tunaona lawama hizo hazikuwa za haki. Inajulikana kwamba katika bendi hiyo maneno hutungwa baada ya muziki kukamilika. Basi mwimbaji angeimba nini ilhali wapigaji, Adam Jones wa gitaa na Justin Chancellor wa gitaa la besi pamoja na Carey, walikuwa bado wakivunja na kujenga? Juu ya hayo ilikuwapo kesi ya bima iliyowala miaka mingi hadi ilipomalizika mwaka 2015. Aliyewahi kuwa na shauri mahakamani hahitaji kuelezwa jinsi shauri linavyomnyang'anya mtu usingizi, seuze utunzi.

Albamu yenyewe ilipofika, wapenzi waligawanyika. Waliokuwapo tangu miaka ya 1990 walilalamika kwamba hasira ya zamani imepungua, kwamba sauti ya mwimbaji ni haba, kwamba baadhi ya vifungu vinakumbusha mno vya albamu zilizotangulia, na zaidi ya yote kwamba nyimbo ni ndefu. Kwa hesabu tu hawakukosea. Nyimbo sita kati ya zilizomo zinapita dakika kumi kila mmoja, na ule wa mwisho katika sahani, 7empest, unakaribia dakika 16. Upande wa pili walisimama waliosema kwamba bendi haijapata kupiga kwa utulivu na ustadi kama huo, na kwamba ngoma peke yake zinatosha kuilipa subira ya miaka 13.

Maoni yetu yako karibu zaidi na hawa wa pili, ingawa hatuwafuati mpaka mwisho. Yamo katika albamu hiyo mapito mafupi yasiyo na maneno ambayo hatuoni hasara kama yangeachwa. Lakini lalamiko la hasira kupungua hatulikubali hata kidogo. Mwaka 2019 Carey alikuwa na umri wa miaka 58 na Keenan 55. Je, waliotaka ghadhabu ya mwaka 1993 walitaka wazee hawa wajifanye vijana? Bendi yenyewe ililijibu swali hilo ndani ya albamu. Wimbo uitwao Invincible unamzungumza mpiganaji aliyezeeka, anayepigania asitupwe kando na wakati. Huo ni wimbo ambao kijana hawezi kuutunga, na ndio tunaouona bora kuliko yote.

Ama urefu, hapa mlio wa saa ulikuwa mkali kuliko mlio wa muziki. Wimbo uliobeba jina la albamu, wenye dakika kumi na sekunde ishirini na kitu, uliingia katika orodha ya nyimbo 100 za Billboard, na kwa wakati huo ukawa mrefu kuliko wimbo wowote uliowahi kuingia humo, hadi ulipopitwa mwaka 2023 na wa André 3000 wenye dakika zaidi ya 12. Albamu nzima nayo ilishika nafasi ya kwanza na kuiondoa ya Taylor Swift, iliyokaa hapo juma moja tu. Ikiwa watu wa nchi inayosifika kwa haraka waliweza kukaa na kusikiliza, hapana sababu ya kusema kwamba msikilizaji wa leo hana subira.

Lipo lalamiko moja ambalo tunawaunga mkono walalamikaji bila ya kusita, nalo ni la bei. Kwa aliyetaka kitu cha kushika mkononi siku ile ya kutoka, hapakuwa na chaguo ila kisanduku chenye skrini ndogo ya inchi nne, kipaza sauti na waya wa kuchajia, kilichouzwa Marekani kwa kiasi cha dola 45. Mtu amengoja miaka 13, kisha anaambiwa kwamba ili apate sahani lazima anunue na televisheni ya mfukoni. Toleo lisilo na skrini lilikuja miezi kadhaa baadaye. Mpenzi wa dhati ndiye asiyeweza kungoja miezi hiyo, na wauzaji walilijua hilo.

Tena sahani yenyewe ilikuwa pungufu. Sahani ya aina hiyo hubeba kiasi cha dakika 80, na kazi ilizidi 86. Basi mapito matatu yakawekwa katika nakala ya intaneti peke yake. Chombo ndicho kilichoamua. Watu wa visiwa hivi hawakuyaanza kuyajua haya leo. Siti binti Saad aliposafiri hadi Bombay mwaka 1928 kutiwa sauti katika santuri, upande mmoja wa santuri ya zama zile ulichukua dakika tatu au nne basi. Wimbo uliozoea kunyooka barazani, mshairi akaongeza ubeti na msikilizaji akaomba urudiwe, ulilazimika kukunjwa ili uenee. Twazishukuru santuri zile, maana bila ya hizo sauti ya Siti isingetufikia. Hata hivyo tulichopokea ni wimbo uliokwishapimwa kwa chombo cha mgeni.

Siku hizi chombo hakibani tena, na dakika ishirini hurekodiwa kwa gharama ile ile ya dakika tatu. Kinachobana sasa ni sisi. Nadi Ikhwan Safaa, iliyoundwa mwaka 1905, imekwishapita miaka mia moja, na wazee wa taarabu wanajua kwamba kila wapandapo jukwaani huombwa zile zile za zamani. Wimbo mpya unapoanza, watu huinuka kwenda kuagiza soda. Kutunza twatunza, na ni desturi njema, kwa kuwa mwimbaji hupata jibu lake papo hapo na wala hangoji miaka. Lakini twatunza tunachokijua. Washabiki wa Tool, kwa makelele yao yote, walilifanya jambo moja ambalo hatulifanyi: waliidai kazi mpya kwa wazee wao, na ilipokuja waliisikiliza mpaka mwisho ndipo wakagombana.

Kwa hivyo tunawaomba waheshimiwa wenye dhamana ya utamaduni, na ndugu zetu wa redio, kwamba fedha zinapotengwa kwa ajili ya taarabu zisiishie katika kuhifadhi kanda za zamani tu, ingawa hilo nalo ni la lazima na limechelewa. Litengwe fungu la tungo mpya za vikundi vikongwe. Watunzi wapewe muda wanaouhitaji, hata ukiwa ni wa miaka, na wasiulizwe kila mwezi wa bajeti kazi imefika wapi. Na siku ya kurekodi, wimbo urekodiwe wote, tangu bashrafu hadi ubeti wa mwisho, asiwepo mtu wa kusimama pembeni na saa mkononi.