Anayeng'oa jino aangalie na koo

Huku Goma, Bukavu na vijiji vya kandokando, mtu huenda kwa muganga wa meno siku jino linapomnyima usingizi. Kabla ya hapo kuna maji ya chumvi, karafuu na vidonge vya dukani. Mama aliyekimbia Masisi na watoto watano hawezi kuacha foleni ya unga kwa sababu ya jino. Akifika hatimaye kwa muuguzi, anafungua kinywa, jino linang'olewa, anapewa pamba ya kuuma, anarudi. Dakika kumi, kazi imekwisha.

Lakini kazi haijaisha. Mtu mwenye tochi na glovu ameangalia ndani ya kinywa cha mwenzake, pengine mara moja tu kwa miaka mingi, na ameona jino moja.

Kirusi cha HPV wengi wanakijua kama kirusi cha kansa ya mlango wa kizazi. Ni kweli. Ila aina yake namba 16 huleta pia kansa ya koo, hasa kwenye tezi za kooni na kwenye mzizi wa ulimi. Hupita kwa njia ya ngono, hata ile ya kinywa. Wengi wanaokipata mwili hukifukuza wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Kwa wachache kinabaki, na kansa huja miaka mingi baadaye. Kwa hiyo uvimbe wa leo si ushahidi kwamba mume au mke alitoka nje juzi. Vita imevunja nyumba za kutosha.

Tusidanganyane: daktari wa meno haoni kirusi, na hakuna kipimo cha kawaida cha kukitafuta kinywani kwa mtu asiye na dalili. Anachoweza kuona ni alama. Kidonda kisichopona wiki mbili au tatu, doa jeupe au jekundu lisilotoka, tezi moja ya koo iliyo kubwa kuliko ya pili. Na uvimbe wa shingoni usiouma. Huo ndio unaodanganya watu, maana kisichouma hakina haraka. Mgonjwa anapewa antibiotiki mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Na mwenye kuhamahama kila kituo kinamuanza upya, kwa muuguzi asiyejua alichomeza mwezi uliopita. Tena kansa ya mzizi wa ulimi hujificha: kinywa kinaonekana safi, shingo ndiyo imevimba. Macho peke yake hayatoshi, vidole lazima vipapase.

Watasema waganga wa meno ni wachache. Ni wachache kweli. Barani Afrika hawafikii 1 kwa kila watu 10,000. Lakini kupapasa shingo na kuvuta ulimi kwa kitambaa hakuhitaji diploma ya meno. Muuguzi anaweza kufundishwa, na inachukua dakika mbili. Wakubwa wa afya na mashirika yanayopeleka kliniki kwenye kambi wangeliandika jambo hili kwenye fishi ya mgonjwa, lingefanyika. Lisipoandikwa, litasahauliwa.

Kwa akina mama hatari kubwa ya HPV bado iko kwenye mlango wa kizazi, na kipimo chake cha kupaka asidi ya siki hakihitaji mashine. Muuguzi akishaongea habari ya koo, aongee na hiyo. Kwa wavuta sigara na wanywaji wa kanyanga, kinywa kina hatari yake hata bila kirusi.

Mgonjwa naye asiogope kusema: "Muganga, umenitoa jino, asante. Niangalie na koo, niguse na shingo." Akiambiwa kuna uvimbe, aombe tarehe iandikwe kwenye karatasi, na karatasi hiyo aiweke pamoja na kadi ya msaada, ile ambayo hata usiku wa kukimbia haisahauliwi.