Ngadji na Masikio ya Wahakiki

Imekuwa ada katika idara za Kiswahili kuwapeleka wanafunzi kwenye maonyesho ya muziki wa jadi, kisha kuwadai insha. Insha zenyewe hazitofautiani. Mwanafunzi hutaja ala, hueleza umbo lake, hunakili maelezo yaliyobandikwa kando ya kabati la kioo, na kuhitimisha kwamba urithi huu hauna budi kuhifadhiwa. Hupewa alama nzuri, ilhali hajasikia chochote.

Udhaifu wa zoea hili hudhihirika pindi mhakiki afikapo kwenye ngadji. Kwa Wapokomo wa Mto Tana, ngadji ilikuwa ngoma takatifu. Haikupigwa, bali ilisuguliwa hata ikanguruma. Sauti yake iliwafikia wote, lakini kuionea kwa macho kulikuwa haki ya wachache walioingizwa katika siri za wazee. Maafisa wa kikoloni wa Kiingereza waliipora mwaka 1902, na tangu 1908 imo mikononi mwa British Museum jijini London, ambako imewekwa ghalani. Mwaka 2021, maonyesho yaliyofanyika katika Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi yalisimamisha makabati matupu kwa ajili ya vitu vya Kenya vilivyoko ng'ambo, ambavyo vilivyoorodheshwa pekee vinazidi 32,000. Insha ya kueleza umbo itasema nini mbele ya kabati tupu? Na hata kabati hilo lingejazwa, ngadji ndani ya kioo ni ngadji iliyopinduliwa: inaonwa na kila mpita njia, haisikiwi na yeyote.

Wapo wanaoshikilia kwamba dawa ni ubunifu: wanafunzi watunge mashairi na michezo ya kuigiza kuhusu walichokiona. Rai hii ni njema, ila watetezi wake huiachia njiani. Mshairi chipukizi anayeifanya ngadji idunde huku kina mama wakiizunguka kwa vigelegele ameomboleza ngoma ambayo haikuwahi kuwako. Machozi yake ni ya kweli. Ngoma yake ni ya kubuni. Ubunifu usiotanguliwa na utafiti wa nyanjani ni porojo iliyotiwa vina, na mwalimu anayeusifu kwa kuwa una uchungu wa kizalendo anamdhulumu mwanafunzi.

Kosa hili la uziwi halikuanzia kwenye maonyesho. Limo katika usomaji wa matini zinazoheshimiwa kuliko zote. Mapokeo yanamhusisha Fumo Liyongo na Ozi na Kipini, kwenye delta ya mto huohuo, na Wapokomo nao wanamdai kuwa wao. Katika utendi ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa mwaka 1913, shujaa aliyefungwa anaomba gungu lichezwe, na mshindo wa ngoma ndio unaoficha sauti ya tupa inayokata minyororo. Kisa kizima kinategemea kelele! Tasnifu hujadili ushujaa, usaliti na mapenzi ya mama; ni nadra kukuta inayouliza gungu lilikuwa na sauti ya namna gani hata likaweza kuifunika tupa. Kijumwa mwenyewe alikuwa fundi wa ngoma na nyimbo za Lamu, na bila shaka alilijua jambo hilo. Kikundi cha wanafunzi kikiigiza tukio hilo kwa saa moja, kwa ala halisi, kitajua jambo ambalo rafu nzima ya maktaba haijui.

Mfano mwingine hauhitaji makumbusho. Mahadhi ya wimbo wa taifa wa Kenya, uliotayarishwa mwaka 1963, yalitokana na wimbo wa Kipokomo wa kumbembelezea mtoto. Mahadhi yaliyokuwa ya kulaza yamefanywa ya kusimamisha watu wima. Nini hutokea kwa wimbo unapong'olewa mgongoni mwa mama na kukabidhiwa bendi ya polisi? Swali hili ni la kitaaluma na la kisanaa kwa pamoja, wala halijibiki bila ya kumsikiliza mlezi anayeimba.

Watasema Garsen ni mbali, na kwamba fungu la fedha ni dogo. Wengine watakumbusha kwamba kati ya 2012 na 2013 mapigano ya Wapokomo na Waorma katika delta yaliua watu zaidi ya 100. Ni kweli, na ndiyo sababu ya kwenda. Maonyesho yanayotenga kabati la Wapokomo hapa na la Waorma kule huwafunza wanafunzi kwamba majirani hawa hawajawahi kusikiana, ingawa wameishi kando ya mto mmoja kwa vizazi.

Basi swali la mtihani lisiwe tena "Eleza umbo na matumizi ya ngadji." Mtahiniwa aulizwe ni nani aliyeruhusiwa kuisikia, ni nani aliyekatazwa kuiona, na ni nani leo anayeshika ufunguo wa ghala.