Ulimbo wa Fenesi na Udhu

Wasomaji wetu watatuwia radhi mwezi huu tukianza na fenesi. Alasiri moja, adhana i karibu, alitujia mwanafunzi wetu, viganja vyake vimegandamana kwa ulimbo. Kwao walikuwa wamepasua fenesi. Akatuuliza: "Maalim, nikitawadha hivi, udhu wangu utasihi?"

Jawabu ya fiqhi haikutupa taabu. Kila kizuiacho maji kufika kwenye ngozi sharti kiondolewe, na ulimbo ukikauka huwa kama ngozi ya pili. Amma namna ya kuuondoa, twakiri bila ya haya, hatukuijua. Mafenesi yetu siku zote huletewa sahanini, yamekwisha kuchambuliwa.

Kijana akatoa simu, intaneti ikaulizwa. Ikatuletea faida za fenesi mwilini. Ikatuletea mapishi ya fenesi bichi, na wauzao miche. Tulipotaja udhu, ikatupa rangi ya kucha, na hina, na rangi za kupakia nyumba. Tukaongeza maneno, tukapunguza, tukageuza Kiingereza. Kila mlango tuliobisha alitoka mtu siye tuliyemtaka, naye ana maneno mengi. Muda huo kijana amekwisha kujisugua kwa maji na sabuni hata ngozi ikawa nyekundu, na ulimbo uko pale pale.

Bibi mmoja jirani, mtu mzima sana, alikuwa akipita akasimama. "Wanangu, ulimbo huoshwa kwa maji?" Akatuma mafuta ya nazi kwake, akampaka, akampangusa kwa kitambaa kikuukuu, ulimbo ukalainika, ukatoka wote. Kisha akamwamrisha anawe kwa sabuni, mafuta yasisalie. Ulimbo hauyeyuki majini, huyeyuka kwa mafuta; ndiyo maana, alisema, kisu na mikono hupakwa mafuta kabla fenesi halijapasuliwa. Akatutazama kama atazamavyo watoto wa chuoni.

Simu hatuilaumu. Chombo kile huokota yaliyokwisha kuandikwa, na yule bibi hajapata kuandika kitu. Lawama ni yetu: robo saa nzima tuliinamia kioo kidogo, na nyumba yake ni ya tatu kutoka madrasani, wala hapana kati yetu aliyekumbuka kwenda kupiga hodi. Jamaa tuliidiriki sote wawili katika rakaa ya tatu.