Pima kwanza, ndipo ununue stata

Nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa. Siku za kazi naandika programu hapa Shieywe, na wikendi nashuka ziwani kugombana na injini. Sasa nimerudi, na leo nina neno litakalowaudhi mafundi kadhaa, na waandishi wa programu wengi zaidi.

Mjomba wangu ana boti ya mbao kule Port Victoria, ya kubeba abiria na mizigo. Injini yake ni Perkins 4.236, dizeli ya silinda nne. Aina hii ilianza kutengenezwa miaka ya 1960, na ilifungwa pia kwenye trekta nyingi za Massey Ferguson, kwa hiyo kupata vipuri si kazi. Kazi ilikuwa kuiwasha.

Asubuhi inawaka vizuri. Saa sita, baada ya kushusha abiria, mjomba anageuza ufunguo: tak! Mlio mmoja, halafu kimya. Anajaribu tena, tak! Mara ya nne inakubali. Siku moja ilikataa kabisa wakiwa mbali na ufuo, na wingu jeusi linakuja. Anayelijua Ziwa Victoria anajua kwamba dhoruba zake hazipigi hodi, na boti isiyo na injini huyapa mawimbi ubavu. Boti nyingine iliwavuta, mjomba na abiria tisa. Walifika salama. Nasema haya ili usidhani nalalamikia usumbufu tu.

Fundi wa kwanza alisema stata imekufa. Ikafunguliwa, koili zikasukwa upya. Baada ya wiki mbili, tak! Fundi wa pili akasema betri. Ikanunuliwa mpya. Baada ya mwezi, tak! Wa tatu akasema solenoidi, ile swichi kubwa iliyo mgongoni mwa stata. Ikanunuliwa. Kila mara injini iliwaka kwa siku chache, fundi akasifiwa na kulipwa. Pesa hizo zilikuwa karo ya binamu yangu.

Hakuna hata mmoja aliyetoa mita mfukoni.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Kubadilisha kipuri bila kupima si ufundi, ni bahati nasibu, na anayenunua tiketi ni mteja.

Tuangalie kitu chenyewe. Stata ya umeme ilianza kufungwa kwenye magari ya Cadillac mwaka 1912, kazi ya Charles Kettering. Werevu wake ulikuwa kutambua kwamba mota ndogo inaweza kubebeshwa mzigo mkubwa kupita kiasi, mradi iwe kwa sekunde chache. Ndiyo maana stata hunywa ampea mamia kwa mara moja. Dizeli nayo haina plagi ya cheche: mafuta huwaka kwa joto la hewa iliyogandamizwa, kwa hiyo injini ikizunguka polepole, haiwaki.

Sasa mkumbuke Ohm wa shuleni. Ampea 200 zikipita kwenye kiungo chenye ukinzani wa ohm 0.01 tu, unapoteza volti 2. Katika volti 12, huo ni wizi wa mchana. Ohm 0.01 huioni kwa macho. Ni kutu kidogo tu, au boliti iliyolegea nusu mzunguko.

Mimi mwenyewe nilianza vibaya. Nilichomoa kebo, nikaipima kwa ohm, mita ikasoma sifuri. Nikataka kutangaza kwamba kebo ni nzima. Lakini mita hutuma mkondo mdogo mno. Hata kebo iliyobakiwa na nyuzi tatu itasoma sifuri. Ni sawa na programu inayopaa kwenye kompyuta yako, halafu inaanguka watu elfu moja wakiingia kwa pamoja. Kitu cha mzigo hupimwa kikiwa na mzigo.

Kwa hiyo nikarudisha kebo. Tukavuta kile kishikio cha kuzima ili dizeli isifike, mjomba akazungusha kwa sekunde tano, tano, huku akipumzisha stata. (Kama ekzosi ya boti yako hupozwa kwa maji ya ziwa, funga vali ya maji kwanza, la sivyo utayajaza hadi kwenye silinda. Na usisahau kuifungua injini ikiwaka.) Betri imetulia: volti 12.6. Wakati wa kuzungusha, kwenye nguzo zake: 11.1. Betri nzima. Kutoka nguzo chanya hadi boliti ya stata: 0.3. Hakuna neno. Kutoka mwili wa stata hadi nguzo hasi: 2.8!

Huyo hapo mwizi. Stata ilikuwa inapata volti 8 tu.

Kwenye gari, bodi ya chuma huwa ndiyo njia ya kurudisha umeme. Boti ya mbao haina njia hiyo. Umeme wote unarudi kwa kebo moja nene iliyofungwa kwenye injini. Mwaka uliotangulia mjomba aliipaka injini rangi, ikapendeza. Kebo ikafungwa juu ya rangi. Umeme ulikuwa unapenya kwenye nyuzi za boliti zenye kutu, na mtetemo wa safari ulikuwa unaisogeza. Kila fundi alipoifungua na kuikaza tena, alikwangua kutu kidogo bila kujua. Ndiyo maana kila "dawa" ilifanya kazi kwa wiki mbili.

Kipande cha msasa, boliti mpya, grisi juu yake. Nikapima tena: 0.2. Mjomba akageuza ufunguo, ikaunguruma. Akanitazama akasema, "Mpwa wangu, kumbe ni rangi?" Ni rangi, mjomba.

Sikatai kwamba stata hufa. Ukiigonga kwa nyundo ndipo ikubali, shuku brashi za kaboni. Ikizunguka yenyewe bila kuishika injini, shuku meno yake. Lakini mlio mmoja na kimya si hukumu ya kifo. Ni swali, na hujibiwa kwa mita.

Fundi mmoja alinijibu vizuri, na namheshimu kwa hilo: "Mteja hulipa kipuri, halipi kupima." Ni kweli. Tunabishana juu ya malipo ya saa moja ya akili, kisha tunanunua betri bila kuuliza. Lawama hiyo ni yetu wateja.

Na sisi wenye digrii za kompyuta tusicheke. Seva ikikwama, wangapi huizima na kuiwasha, ikapona, tukaandika "imerekebishwa"? Hiyo ni kukaza boliti juu ya rangi. Hitilafu inayokuja na kwenda haina bahati wala uchawi. Ina sababu ambayo bado hujaipima.

Mita ya bei nafuu kabisa inatosha. Inunue kabla ya kununua stata, na umlipe fundi anayeitumia.

Haya, stima imerudi. Narudi kazini.