Mkubwa Akinuna Ukumbini

Makamanda, wiki hii niliweka pembeni sheria ya mikataba nikasoma habari za baleti, ile dansi ya kusimama kwa ncha za vidole. Msicheke kwanza.

Stalin aliipenda kwelikweli. Ukumbi wa Bolshoi, Moscow, alikuwa akienda mara kwa mara. Hilo halina ubaya, kiongozi naye ni mtu. Shida ni pale anachokipenda na anachokichukia vinapogeuka amri. Februari 1936 Pravda, gazeti la chama, liliiponda baleti moja ya Shostakovich iliyokuwa ikichezwa humo, eti imewafanya wakulima wa Kuban kama wanasesere. Basi, ikatoka jukwaani. Lopukhov, aliyeipanga, akapoteza ukurugenzi wake. Adrian Piotrovsky, mmoja wa walioandika hadithi yake, akakamatwa mwaka uliofuata na kupigwa risasi. Shostakovich aliishi mpaka 1975, na baleti hakuandika tena.

Sisi wa sheria tunakaririshwa kwamba mtu asihukumiwe bila kusikilizwa. Pale haikuhitajika hata sheria ya kukataza, makala ya gazeti ilitosha! Ndiyo maana nikimwona mkubwa yeyote kwenye kiti cha mbele cha ukumbi, sipigi makofi wala sizomei. Najiuliza tu: huyu akinuna, wasanii watalala wapi?

Agosti 1991, Gorbachev alipopinduliwa kwa siku tatu, televisheni ya taifa iliwawekea wananchi baleti ya Swan Lake. Machi 2022 kituo huru cha Dozhd kilipobanwa mpaka kusitisha matangazo, kiliaga kwa Swan Lake hiyohiyo. Warusi hawakuhitaji kuelezwa maana yake.