Kanuni za Bao Zisizikwe Pamoja na Wazee

Mwacha asili ni mtumwa. Methali hii tumeisikia majukwaani mara nyingi mno, hata pengine haitushtui tena. Leo twaitumia kwa jambo ambalo baadhi ya wasomaji wataliona dogo, nalo ni mchezo wa bao. Twasema wazi kwamba bao letu la asili, lenye kanuni zake kamili, linasukumwa kando na bao fupi, bao jepesi, bao la mkato. Tusipochukua hatua sasa, wajukuu wetu watarithi ubao wenye mashimo 32 bila ya kujua ubao huo ulichongwa kwa kazi gani.

Hapa Bariadi, na katika wilaya nyingine za Mkoa wa Simiyu, yaani Itilima, Maswa, Meatu na Busega, mchezo huu si mgeni. Wasukuma wanao wa kwao, wauitao isolo. Waganda huuita omweso, na Wanyarwanda huuita igisoro. Unguja, Pemba na mwambao wote ni bao la Kiswahili. Oman wanao hawalis, wenye mashimo saba kwa kila safu. Kwa hiyo ndugu zetu wa Visiwani wasidhani kwamba haya ni mambo ya bara peke yake. Mti ni mmoja, matawi ni mengi, na ugonjwa ulioingia katika tawi moja haukawii kufika katika jingine. Mzee wa Kisukuma atakwambia kuwa isolo ya watoto siyo isolo ya watu wazima. Na fundi wa bao wa Unguja atakwambia kuwa bao la kujifunza si bao lenyewe.

Yafaa tueleze tofauti hiyo, maana wako viongozi wetu ambao hawajapata kukaa mbele ya ubao.

Katika bao la Kiswahili kete ni 64, na kila mchezaji ana 32. Mchezo unapoanza, kila mmoja huweka ubaoni kete 10 tu: sita katika nyumba, na mbili mbili katika mashimo mawili yaliyo kuumeni kwa nyumba hiyo. Kete 22 zilizosalia hukaa mkononi. Hapo ndipo kazi inapoanza. Mchezaji hunamua, yaani huingiza kete moja kwa kila zamu, na kila kete inayoingia huivuruga hesabu yote iliyotangulia. Akila, aghalabu ana hiari ya kuzisambaza kete alizoteka kuanzia kichwa cha kushoto au cha kulia. Kete ya mwisho ikiangukia katika nyumba yake, ana hiari ya kuilaza nyumba au kuisafirisha. Akishindwa kete zingali mkononi, hiyo ni fedheha. Kete za mkononi zikiisha, ndipo wachezaji huingia katika mtaji na kuzipigania zile zilizo ubaoni.

Katika bao la kujifunza, kete mbili mbili hupangwa katika kila shimo, zote 64 zikawa ubaoni, na watu wakaanza moja kwa moja na mtaji. Kunamua hakuna. Sehemu nzima ya kwanza, ambayo ndiyo ya kujenga, kuvizia na kuilinda nyumba, imekatwa.

Hatulilaumu bao la kujifunza. Jina lake lenyewe latosha kueleza kazi yake. Mtoto apelekwaye chuoni huanza na alifu na bee, kisha akafikishwa kwenye juzuu ya Amma. Lakini hatujapata kumsikia mwalimu akimwambia mzazi kwamba mwanawe aliyekomea hapo amehitimu Msahafu. Kosa ni kuigeuza ngazi ikawa dari.

Na jambo hilo lina sura nyingine iliyo nzito zaidi. Vijana wengi leo hukutana na mchezo wa namna hii katika simu zao, nao kwa kawaida huwa ni mchezo wa safu mbili, mashimo sita kwa kila upande, na ghala moja kwa kila mchezaji. Huo unatokana na mchezo uitwao Kalah, uliotungwa Marekani mwaka 1940 na William Julius Champion. Katika mchezo huo, kete iliyokwisha kuingia ghalani haitoki tena, na mshindi ni yule aliyelimbikiza nyingi. Katika bao letu hakuna ghala. Kete iliyotekwa leo hurudi ubaoni kufanya kazi, na kesho yaweza kumrudia mwenyewe. Kete zote 64 hubaki katika mzunguko mpaka mwisho. Mwenye macho na aone ni upi kati ya michezo hiyo miwili uliotungwa na jamii iliyozoea kuishi kwa kutegemeana.

Yawezekana msomaji akasema kuwa kila mzee husifu ya zamani, na kwamba haya ni manung'uniko ya watu wanaokaribia uzee. Hoja hiyo ina haki ya kujibiwa. Si kila cha kale ni bora, na yako mengi ya kale ambayo taifa letu lilifanya vyema kuyatupa. Lakini mchezo hupimwa kwa kazi unayoipa akili ya mchezaji. Bao halina dadu wala bahati. Halihitaji dau, kwa hiyo haliingii katika kamari iliyokatazwa na Kurani. Linahitaji hesabu, subira na kumsoma mwenzako. Ukilipunguzia hayo, hukulifanya la kisasa, umelifanya hafifu.

Huko Marekani nako upo ubishi unaofanana na huu. Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walitoa mchezo wa mezani uitwao Dungeons & Dragons, ambamo kila mchezaji hujivika uhusika wa mtu wa hadithi, na wote pamoja wakaiendesha hadithi hiyo kwa kanuni. Kanuni zake zimeandikwa upya mara kadhaa. Toleo la tano lilitoka mwaka 2014. Wako wachezaji washikiliao kuwa matoleo ya mwanzo yalikuwa bora kuliko haya ya baadaye. Ugomvi huo si wetu, lakini funzo lake ni letu. Asiyelipenda toleo jipya hufungua kitabu cha zamani akacheza atakavyo. Na mwaka 2013 kampuni inayoumiliki mchezo huo ilivichapisha tena vile vitabu vya 1974. Wenzetu wanabishana huku la kale lingalipo. Sisi la kale limo vifuani mwa wazee, na mzee akifa twazika na kanuni.

Kwa bao la Visiwani, mtaalamu wa Kiholanzi, Alexander de Voogt, aliwachunguza mafundi wa Zanzibar na kuandika tasnifu yake huko Leiden mwaka 1995. Twamshukuru. Lakini je, ni heshima kwetu kwamba mjukuu wa fundi wa Unguja aisome elimu ya babu yake katika lugha ya kigeni? Na isolo ya Bariadi, kitabu chake cha Kiswahili cha kuwekwa mezani pa mwalimu wa shule ya msingi kiko wapi?

Wako pia wanaosema kuwa bao ni mchezo wa wavivu. Kweli, mtu akikaa baraza tangu asubuhi katika majira ya kupalilia pamba, huyo ni mvivu. Lakini angekuwa mvivu hata ubao ungechomwa moto. Mwalimu Nyerere alilipenda bao, wala hakuna aliyepata kumwita mvivu. Kila jambo lina saa yake, na saa ya bao ni jioni, na ni kipindi kile ambacho pamba imekwisha kupita mizanini.

Basi twatoa mapendekezo yetu kwa wanaohusika. Kwanza, maofisa utamaduni wa wilaya zetu tano wawakusanye mafundi wa isolo baada ya mavuno, waandike kanuni zao kama zinavyotamkwa, na kuzirekodi kwa picha na sauti, bila ya kuzirahisisha. Pili, Baraza la Michezo la Taifa na Baraza la Taifa la Michezo la Zanzibar wakae pamoja na mafundi wa Unguja, Pemba na bara, watoe kitabu kimoja cha kanuni kamili, ili kila mashindano yatangaze wazi ni bao lipi linachezwa. Michezo ya watumishi wa Serikali, SHIMIWI, imekwisha kulipa bao nafasi. Hapo pafaa kuwa mahali pa mfano. Tatu, shule za msingi zilitumie bao la kujifunza kama ngazi, na mwanafunzi apandishwe mpaka anamue.

Mwaka 2020 Kazakhstan, Kirigizistani na Uturuki zilifaulu kuiandikisha UNESCO michezo yao ya mashimo na kete kuwa urithi wa binadamu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Urithi Usioshikika mwaka 2011. Mlango uko wazi, na sisi tuna ubao, tuna kete, na kwa neema ya Mwenyezi Mungu bado tunao wazee. Hao wa mwisho hawangoji bajeti ya mwaka ujao. Kazi hii ianze msimu huu.